Jani la Mgeni na Jani la Mwenyeji

Ndugu wasikilizaji, kichaka cha kigeni kikishaumeza msitu, wengi huhitimisha upesi kwamba majani yake yana nguvu kuliko ya mimea asilia. Naomba leo tulikague jani lenyewe.

Jani ni mtaji. Mmea hutumia kaboni na naitrojeni kulijenga, kisha hungoja usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ulipe. Jani jembamba hugharimu kidogo na kulipa haraka, ila hufa mapema. Jani nene na gumu hulipa polepole, lakini hudumu. Miti na vichaka vamizi vingi huelekea upande ule wa kwanza: jani pana kwa uzito mdogo, lenye naitrojeni nyingi. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huingia katika rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa.

Je, mgeni ndiye hodari zaidi? Mwaka 2007 Jennifer Funk na Peter Vitousek walichapisha utafiti wa Hawaii uliolinganisha jozi 19 za spishi vamizi na asilia zenye undugu wa karibu, mahali palipoadimika mwanga, maji au rutuba. Ndani ya muda mfupi, wageni walikitumia vizuri zaidi kile kilichokuwa haba. Hesabu ilipopigwa kwa umri mzima wa jani, pande mbili zikakaribiana. Mimi nalishikilia sana tokeo hilo. Chombo cha kupimia kinacholibana jani kwa dakika chache kinatupa kasi ya usanisinuru, na tumeizoea mno kasi hiyo hata tukasahau kuuliza jani litaishi siku ngapi.

Muda ndio alioufuata mtafiti Jason Fridley, jimboni New York. Kwa miaka 3 alipima katika bustani moja spishi 43 za asili na 30 za kigeni, zote zinazopukutisha majani. Matokeo yalitoka mwaka 2012: wageni waliendelea kustawi kwa wastani wa wiki 4 zaidi kuelekea baridi. Msituni, wakati huo miti mirefu inavua majani, jua linapenya hadi chini, na kichaka cha kigeni bado ni kibichi, kinavuna.

Mavuno hayo yana gharama. Mwenyeji huirudisha naitrojeni yake shinani kabla ya jani kuanguka. Mgeni huangusha jani likiwa bado na nyingi. Jani la namna hiyo huoza upesi, na naitrojeni iliyomo hurudi udongoni mapema, ikiwa tayari kwa mizizi yoyote itakayoiwahi.