641: Kigawo Kilichomkanusha Fermat

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, sogeeni mbele, leo nitaandika sana ubaoni.

Namba yetu ni hii: 4,294,967,297. Mkitaka kupata picha ya ukubwa wake, tazameni ziwa. Ziwa Victoria lote, kuanzia hapa Mwanza hadi Entebbe na Kisumu, lina kilometa za mraba kama 68,800. Ligawe lote katika viraba vya mita nne kwa nne. Utapata viraba bilioni 4.3 hivi, karibu sawa na namba yetu.

Imetokana na 2³² kujumlisha 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, alitazama 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara. Alipata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba ukizidi kuongeza kipeo maradufu, utapata tasa daima. Kwa namba tano tu! Ushahidi ulikuwa mdogo mno kwa dai kubwa kiasi hicho.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati kijana wa miaka 25 huko St Petersburg, Urusi, akaonyesha kuwa namba inayofuata, yaani hii yetu, inagawanyika kwa 641. Shikeni kalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 41 ni 274,717,097. Jumlisheni. Imetimia, hakuna baki.

Msidhani alibahatisha. 641 ni namba tasa ya 116, na kuzijaribu moja moja kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Baadaye Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641. Hapo ndipo ninapompenda Euler: alitufundisha kupunguza kazi kabla ya kugawanya.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kugawanya kabisa, na kwangu ndiyo tamu zaidi. 641 ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 na 16. Zidisha kwa 2²⁸: 641 inagawanya 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Tena 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na x + 1 daima hugawanya x⁴ − 1, kwa hiyo 641 inagawanya pia (5 × 2⁷)⁴ − 1, ambayo ni 5⁴ × 2²⁸ − 1. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ni 2³² + 1.

Tangu hapo hakuna tasa nyingine ya aina hii iliyopatikana. Ukihesabu 3 kuwa ya sifuri, kuanzia ya 5 hadi ya 32 zote zimethibitika si tasa. Ya 20 na ya 24 zinashangaza: tunajua zinagawanyika, lakini hakuna aliyewahi kupata kigawo chake hata kimoja. Ya 33, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijaamuliwa.

Karibuni maswali.