Kidonge cha Miaka Mitano

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Naona wengine mmetoka Newala na Nanyamba kuja kukaa na sisi hapa Mikindani, na jua lenyewe ndilo hili. Ahsanteni sana.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefunga vidonda vya matiti ya watu miaka mingi kabla langu la kushoto nalo halijakatwa kwa kansa. Habari za upasuaji sitazisema leo. Upasuaji unaonekana, watu wanakuja na uji na kanga mpya. Dripu za kemo, zile dawa za kansa, nazo zinaonekana, maana nywele zinatoka. Mimi nataka kuzungumza kuanzia siku ile watu wanapoacha kuja na uji. Umeshaambiwa hongera, umepona. Umebaki wewe na karatasi ya vidonge, kimoja kila siku, miaka 5. Kuna wanaoambiwa 10.

Kidonge hicho ndicho tunachokiacha bila kumwambia mtu, na ndicho kilichonitoa nyumbani leo.

Kwanza tujue kazi yake. Kansa nyingi za matiti zinakua kwa kulishwa na estrojeni, homoni yetu ya kike. Ile nyama waliyoikata na kuipeleka maabara ndiyo inayoonyesha kama kansa yako ni ya aina hiyo. Kama siyo, vidonge hivi havikuhusu. Sasa fikirieni daladala. Seli ya kansa ina viti, na estrojeni ndiye abiria wake. Tamoksifeni, kimoja cha vidonge vyetu hivi, inapanda mapema na kukaa kwenye viti vile. Estrojeni ikifika inakuta pamekaliwa, inabaki kituoni. Kuna vidonge vingine, anastrozoli, letrozoli na eksemestani. Hivi vinakwenda mbali zaidi, vinazuia estrojeni isitengenezwe, maana hata aliyekoma hedhi mwili wake unaendelea kutengeneza kidogo, hasa kwenye mafuta. Anayeona siku zake hapewi hivi peke yake, mpaka ovari zake zizimwe kwanza.

Anayemaliza miaka 5 ya tamoksifeni, hatari ya kansa yake kurudi inapungua kwa karibu nusu katika miaka 10 ya mwanzo. Hatari ya kufa kwa kansa hiyo inapungua kwa karibu theluthi moja. Na kinga haiishi siku unapomeza cha mwisho, inaendelea miaka mingine mbele. Namba hizi nilizijua nikiwa kazini. Lakini kuzijua hakukunisaidia saa tisa usiku.

Mnaijua saa tisa ya usiku ya Mtwara mwezi wa kumi na mbili, mvua imegoma na hewa imesimama. Joto linaanza kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni kama umeinamia chungu cha wali. Moyo unakwenda mbio. Halafu jasho. Nilikuwa naamka kanga imeloa chapachapa, natoka uani naikamua, naianika, najifunga nyingine. Jirani yangu aliona kanga mbili kambani kila alfajiri, akaja kuniuliza kwa heshima kama nina mgonjwa wa kuuguza ndani.

Nilikwenda kliniki kusema. Nikajibiwa, "Ni umri, mama, vumilia." Ilinikata. Nikarudi nyumbani nikaanza kuruka: leo nameza, kesho naacha, wiki ya harusi ya mwanangu sikumeza kabisa. Hakuna aliyejua, hata mume wangu. Mimi niliyewahi kuwasimamia wagonjwa wa kifua kikuu mpaka wameze mbele yangu.

Kilichonirudisha ni daktari mwingine aliyeniuliza swali moja: "Mama, wiki hii umevimeza vingapi?" Hakuuliza kama nameza, aliuliza vingapi. Nikalia pale pale, nikasema ukweli. Tukaanza upya. Niliacha chai ya moto na pilipili usiku. Nikahamisha kitanda dirishani, nikatupa shuka za nailoni, nikabaki na kanga za pamba tupu. Nikajifunza kupumua polepole joto linapoanza, badala ya kushtuka. Kwangu vilitosha. Visipotosha, zipo dawa za kupunguza joto hilo ambazo hazina homoni, daktari atakuandikia. Ila shikeni hili: fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, zinazuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Ukiandikiwa dawa yoyote ya mawazo au usingizi, sema kwanza unameza tamoksifeni. Na mizizi ya kuchemsha pia itaje. Hakuna aibu hapo.

Sasa wale wa anastrozoli na wenzake. Wao shida kubwa ni viungo. Kuna mama mmoja tunasali naye, kazi yake kubangua korosho. Mnaijua kazi ile: korosho juu ya jiwe, kijiti mkononi, unaipiga ipasuke bila kuvunja punje, maana punje iliyovunjika bei yake ni nyingine. Asubuhi moja akaniita nimwone. Vidole havikunji. Ameshika kijiti kwa viganja viwili kama mtoto anayeshika kikombe, na kila anapopiga korosho inaruka. Akaniambia, "Dada, kansa imeingia kwenye mifupa." Alikuwa ameshajiandaa kufa, mjomba wake kule Tandahimba ameshaambiwa.

Haikuwa kansa. Ni kidonge. Viungo vinakakamaa sana asubuhi, vinalegea ukianza kutembea. Daktari alimpima kuhakikisha, kisha akambadilishia kutoka anastrozoli kwenda letrozoli, maana mwili unaokataa kimoja mara nyingine unakubali ndugu yake. Wasipokubaliana wote, unaweza kurudishwa kwenye tamoksifeni. Panadol husaidia. Kinachosaidia sana, na watu hawaamini, ni mazoezi: kutembea kwa haraka karibu kila siku. Yeye anakwenda shamba na kurudi kwa miguu, na asubuhi anatumbukiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kugusa korosho. Anabangua. Kwa wenye vidonge hivi mifupa nayo inapungua nguvu, kwa hiyo kuleni dagaa wazima na miba yao, tembeeni, na muulizeni daktari habari ya vitamini D na kalsiamu.

Naomba sasa akina baba mlioko nyuma msiondoke, hili linawahusu.

Wengi wetu hapa tumetoka unyagoni. Tulifundishwa mambo ya ndani na somo zetu, mengi yametufaa. Lakini hakuna somo aliyetufundisha kwamba kuna kidonge kinachokausha uke mpaka tendo linakuwa kidonda, na hamu yenyewe inaondoka. Mwanamke ananyamaza. Mume anaona anakataliwa, au anadhani mke amejichukia kwa sababu ya titi. Nyumba inavunjika kwa kitu kinachotibika. Duka la dawa lina vilainishi vya maji, ombeni. Mafuta ya nazi yanalainisha, lakini yanaharibu kondomu. Krimu zenye homoni msijinunulie, hizo zinaamuliwa na daktari wa kansa. Na mwanaume apewe habari, aambiwe kwa mdomo.

Kondomu nimezitaja kwa makusudi. Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962, na waliokuwa wakiitafuta walitaka dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilifanya kazi. Kwa wanawake ikawa kinyume, ikachochea mayai kupevuka. Kwa hiyo, binti zangu, siku zako zikipotea ukiwa unameza, usidhani umefunga kizazi. Mimba inaweza kuingia, na dawa hii inamdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya majira, sindano na vipandikizi vina homoni, havitufai sisi. Kuna kitanzi cha shaba, kuna kondomu.

Yapo mambo ya kukimbilia hospitali siku ile ile, na kwa tamoksifeni ni machache. Mguu mmoja kuvimba na kuuma shavu la mguu, au pumzi kukata ghafla na kifua kuchoma: damu inaweza kuwa imeganda. Mkono wa upande uliopasuliwa ukivimba, hiyo ni habari nyingine, lakini nayo sema. Na aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, asisubiri, maana dawa hii inaweza kuamsha kansa ya mfuko wa uzazi. Ni mara chache, lakini ikiwahiwa inatibika. Mnaopanda basi kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 hizo, Nangurukuru shukeni mtembee damu isigande, msikae kitini mkilinda mizigo.

Mfungo wa Ramadhani si kikwazo, kidonge ni kimoja kwa siku: meza wakati wa futari au daku, saa ile ile kila siku. Cha jana ukikisahau usimeze viwili leo. Na msisubiri karatasi iishe. Mkibakiza vidonge vya wiki mbili, anzeni kutafuta vingine, hasa kabla ya korosho kuuzwa wakati mifuko imekauka.

Mimi leo nina mwaka wa nne. Karatasi yangu inakaa kwenye kikapu cha chupa ya chai, na mume wangu ndiye anayeihesabu kila Ijumaa. Tulikubaliana hivyo usiku nilipomwambia habari ya wiki ya harusi.

Nimeona mikono. Mama wa kitenge cha njano, wewe umenyoosha tangu nilipotaja vidole. Mpeni kipaza sauti tuanze naye.