Zabibu ziko rafu gani? Maktaba katika shule ya wasichana

Tumsifu Yesu Kristo. (Milele, amina!) Ahsanteni. Sista Mkuu wa Shule, masista, walimu, wazazi mliotoka Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, na ninyi mabinti zangu: nimeambiwa nizungumzie maktaba, na nimeambiwa pia nisiwacheleweshe. Nitajitahidi.

Nianze na zabibu. Tuseme mwalimu wa jiografia amemtaka binti wa kidato cha tatu aandike kuhusu zabibu za Dodoma. Anaingia maktaba. Kwa namba za Dewey, yule Mmarekani aliyetoa mwaka 1876 mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba za mada, zabibu ziko 634.8, kwenye kilimo cha matunda. Hapo atasoma habari za udongo, maji na kupogoa, na pengine aelewe kwa nini huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini zabibu zikishakamuliwa zinahama: divai iko 663.2, kwenye viwanda vya vinywaji. Na akitaka kujua wamisionari wa Bihawana, hapa Dodoma, walikuwa na haja gani na mizabibu, inabidi avuke chumba kizima hadi 264, kwenye ibada, maana altareni hapawekwi soda. (Kicheko.) Swali moja, rafu tatu. Binti akizizungukia mwenyewe, bila kuambiwa “soma ukurasa wa 42”, amepata kitu ambacho notsi za ubaoni hazimpi. Amejua kutafuta.

Ndiyo maana idadi ya vitabu hainishtui. Nikiingia maktaba ya shule nafungua jalada la nyuma na kutazama ile karatasi ya kugongea tarehe. Kuna shule moja, siitaji, nilikuta vitabu vimepangwa vizuri, vimefutwa vumbi, na vumbi letu la mwezi wa nane mnalijua. Karatasi nyeupe pe! Ufunguo alikuwa nao mwalimu wa taaluma, naye ana vipindi kutwa. Kilichochakaa ni pasti pepa za baiolojia peke yake. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za kazi yetu mwaka 1931, na ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumika. Ya kwanza! Hakusema ni vya kumwonyesha mkaguzi.

Hata hivyo, Dewey msimwabudu. Fasihi ya Kiingereza ameipa 820 nzima. Fasihi za lugha za Kiafrika zimebanwa zote ndani ya 896, na Kiswahili ni 896.392, namba ambayo kwenye mgongo wa diwani nyembamba haienei. Kwenye dini ni hivyohivyo: Biblia na Ukristo vimetandaa kuanzia 220 hadi 280 na ushee, Uislamu uko 297, dini za jadi za Afrika 299.6. Kwa masista mpangilio huo unaweza kuwa mtamu, ila anayesoma historia atazihitaji rafu zote. Ushauri wangu kwa mkutubi wenu: namba ziache, hamisha rafu. Fasihi ya Kiswahili ikae mlangoni, usawa wa macho ya binti wa kidato cha kwanza.

Maboksi ya misaada nayagusa kidogo tu, maana wafadhili wengine wamekaa hapa mbele. Kitabu cha kodi za jimbo fulani la Marekani hakimsaidii mtoto wa Chamwino. Kukikataa si dhambi, Sista.

Sasa kompyuta na sauti. Simu bwenini haziruhusiwi, na sina ugomvi na kanuni hiyo, lakini maana yake kompyuta za maktaba ndizo pekee alizonazo binti muhula mzima. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Wikipedia nayo, hata ya Kiswahili, inapakuliwa na kusomwa kwa programu ya Kiwix bila intaneti, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami.

Halafu nunueni kinasa sauti. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka nyimbo za Kigogo na ala za ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Bibi zenu wanazo nyingine ambazo hakuna aliyezinasa. Likizo ya Desemba binti arudi na sauti ya bibi, pamoja na jina lake, kijiji na tarehe, na mkutubi aiandikie kadi kama anavyokiandikia kitabu. Bila kadi itabaki faili la “sauti 003”, na mwakani hakuna atakayejua nani anaimba.

Ombi langu la mwisho, Sista, ni la ratiba. Jumamosi, kuanzia usafi unapokwisha hadi saa ya Rozari, mlango uwe wazi, na mezani akae binti wa kidato cha tano anayezijua rafu. Vitabu vitapotea, ndiyo. Tengeni fedha ya kununua vingine kila muhula, kama mnavyotenga ya chaki. Mkimtoza mzazi bei ya kitabu mara tatu, mabinti wataogopa kuazima kabisa. Wazazi, hapo najua mtaniunga mkono.