Nasoma uchunguzi wa jinai Uingereza, nimerudi Tandika jirani kaibiwa TV

Oya mambo vipi watu wangu, leo kama mnavyoona nyuma yangu hakuna lile dirisha lenye mvua kila siku, nipo nyumbani bana, nipo Tandika, hizo mnazosikia ni bodaboda na kuna mtu anatwanga kitu hapo uani, na feni inazunguka kwa kujilazimisha, kwahiyo mkiniona natoka jasho msinionee huruma, nimelimisi hili joto miezi kumi na moja.

Nilipanga kurekodi mambo ya likizo tu, kula chipsi mayai na kwenda Kigamboni, ila juzi kimetokea kitu hapa mtaani nikasema ngoja nijibu lile swali mnaloniuliza kila siku, kaka hivi unasoma nini hasa huko, upelelezi? Hapana, mi sio askari. Nasoma sayansi ya uchunguzi wa jinai, yaani kemia nyingi, baiolojia nyingi, na hesabu za takwimu mpaka kichwa kinauma, halafu unajifunza kuzitumia kwenye damu, nyuzi za nguo, vioo, alama za vidole, udongo wa kwenye kiatu, vitu vidogo vidogo hivyo.

Sasa juzi. Jirani yetu, mama mmoja anauza vitumbua hapo kona, kaamka saa kumi usiku aanze kuchoma, anaingia sebuleni TV hakuna. Flati skrini ya nchi arobaini na tatu imeenda, na mtungi wa gesi umeenda. Wezi walikata wavu, wakachomoa vioo vya luva vinne, wakapitisha mkono wakafungua komeo. Na sikilizeni hii, vile vioo hawakuvivunja, maana vingepiga kelele, walivichomoa kimoja kimoja wakavipanga chini ukutani vizuri kabisa kama mtu anahama.

Mi nilipofika nikaona vile vioo nikasema moyoni eeh Mungu wangu, hii ni zawadi. Maana huwezi kuchomoa luva bila kuishika, na ukiishika unaishika kwa vidole vya pande zote mbili, dole gumba huku, vingine huku, na kioo ndo kinapokea alama kuliko karibu kitu chochote. Nageuka nimwite mama nimwambie wasiguse, narudi namkuta mjomba mmoja mpangaji wa pale ameshavirudisha vitatu dirishani, cha nne anakifuta vumbi na kanga. Kwa moyo mzuri kabisa! Anasaidia! Na ndani sasa, saa kumi na mbili asubuhi, watu kama ishirini, kila mtu anataka kuona TV ilipokuwa imekaa, mtoto kakanyaga matope ya pale dirishani, shangazi kashaleta fagio, mjumbe wa mtaa kakaa kwenye kochi lile lile wezi walilolisogeza. Ndo wanatoka hapo kwenda kituoni kuchukua RB.

Kuna Mfaransa mmoja anaitwa Edmond Locard, mwaka 1910 kule Lyon alipewa vyumba viwili vya darini akaanzisha maabara ya polisi, na wazo lake ndo tunalishwa wiki ya kwanza, kwamba watu au vitu vikigusana kila kimoja kinamwachia mwenzake kitu. Kila mtu anaipenda hiyo, anawaza mwizi tu. Ila na shangazi mwenye fagio naye anaacha, na mjomba mwenye kanga naye anachukua.

Ndo maana pale chuoni kuna nyumba nzima, nyumba ya kawaida ina jiko ina kitanda, haikai mtu, wanaiandaa kama eneo la tukio. Siku ya kwanza nilijua tutaingia kwa mbwembwe na taa za bluu kama kwenye muvi. Tumekaa mlangoni dakika arobaini na tano bila kuingia. Arobaini na tano! Mnavaa ovaroli nyeupe, mnaandika saa, mnaandika nani yupo, mnapiga picha, mnachora ramani, mnajadili mtapita wapi ili msikanyage, ndo mnaingia mmoja mmoja. Mi mtoto wa Temeke nimezoea kitu kikitokea unakimbilia, niliteseka.

Na nimeharibu sana, nisiwadanganye. Kuna siku tulipewa shati lina damu mbichi, ya ng'ombe ya mazoezi, mi nikalikunja nikatia kwenye mfuko wa plastiki nikafunga vizuri, najiona mtaalamu. Mwalimu akaliacha wiki nzima halafu akanifungulia mbele ya darasa. Ile harufu bana, na ukungu juu yake. Kitu kibichi ukikifungia kwenye plastiki unyevu unabaki humo, bakteria wanafanya sherehe, vinasaba vinaoza. Unatakiwa ukianike kikauke kwanza ndo utie kwenye mfuko wa karatasi, khaki ile kama ya kufungia maandazi zamani.

Kingine, kile kipimo cha damu cha kubadilika rangi. Unafuta doa na pamba, unadondosha dawa, ikigeuka rangi ya waridi ndani ya sekunde kadhaa watu kwenye muvi wanasema damu! Sisi tukiandika hivyo tunakatwa maksi. Unaandika inaweza kuwa damu, maana hata viazi vinaweza kukuletea hiyo rangi.

Mnaniuliza pia si wanapima vinasaba tu wanajua nani? Mji ninaosoma hauko mbali na Leicester, pale 1984 profesa anaitwa Alec Jeffreys ndo aligundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Vijiji vya jirani mabinti wawili wa miaka kumi na tano walikuwa wameuawa, mmoja 1983 mwingine 1986, na kijana wa miaka kumi na saba alishakiri kosa moja. Amekiri kabisa! Wakapima, aliyefanya yote mawili ni mtu mmoja na sio yule kijana. Yaani kazi ya kwanza kubwa ya kipimo hiki kwenye kesi ya jinai ilikuwa kumtoa mtu asiye na hatia. Halafu wakachukua sampuli za maelfu ya wanaume na muuaji wakamkosa, kwasababu alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Kilichomkamata ni yule mwenzake kuropoka baa, mtu akasikia. Unaona? Mashine haikudanganywa, aliyedanganywa ni yule aliyeandika jina.

Kwahiyo mi nikiulizwa hii kozi ni nini nasema ni kuandika. Nani kaokota, saa ngapi, kaweka wapi, kampa nani, saini. Na hii sio mambo ya wazungu, Mahakama ya Rufani yetu hapa hapa inaliangalia sana hilo, unga au bangi usipoonyesha ulipita mikono ya nani toka unakamatwa mpaka mahakamani kesi inaweza kufa, ila pembe ya ndovu wamewahi kusema sio kitu cha kubadilishana mikono kirahisi, kwahiyo hapo hawakazi hivyo. Nilivyosoma hiyo nilicheka, ila ina akili.

Na wale wa "niende kwa Mkemia Mkuu nipime mtoto", hauendi tu mwenyewe na nywele kwenye bahasha kaka, inapitia mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Acheni kuniDM.

Haya nawaonyesha kitu. Hii glasi, nimesaga mkaa wa jikoni ukawa unga laini, hii brashi ya poda ya dada yangu, asijue. Nazungusha taratibu, usikandamize... subirini... onaaa! Dole gumba langu, na hilo pengo jeupe hapo katikati ni kovu la kisu cha nazi. Sasa selotepu, bandika, vuta, weka kwenye karatasi nyeupe. Mnakumbuka kusajili laini kwa kidole, fundi ujenzi anarudia mara sita mashine inakataa kwasababu saruji imekula mistari? Hapo amekaa mwenyewe anakandamiza. Sasa mwizi aliyeshika kwa haraka, kidole kimeteleza, na mjomba akapitisha kanga.

Naandika tarehe, saa kumi na dakika ishirini jioni, glasi moja, jina, sai... Mama! Mama usiichukue hiyo! Najua ni ya wageni! Dah. Ameenda kuiosha.