Jinsi ya kupima kama ng'ombe wako anageuza chakula kuwa maziwa

Watazame hawa ng'ombe wawili kidogo. Wa kushoto ametoa kilo 20 za maziwa tangu jana, na wa kulia naye kilo 20. Ukiangalia ndoo peke yake utasema wako sawa. Lakini wa kushoto amekula kilo 14 na wa kulia kilo 18, kwa uzito mkavu, yaani uzito wa chakula baada ya kutoa maji yake. Leo tunajifunza kuipata hesabu hiyo, maana ndoo haisemi yote.

Andaa mizani mbili: kubwa ya kupimia majani na ndogo inayosoma gramu. Chukua pia daftari na oveni ya maikrowevu. Ng'ombe unayempima ale peke yake kwenye hori lake.

Hatua ya kwanza, pima kila kinachoingia horini kwa saa 24. Hapa nina nyasi mbichi kilo 50 na chakula cha nyongeza kilo 6. Andika hapo hapo, usitegemee kichwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Nyasi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo hayamlishi ng'ombe. Katakata nyasi vipande vidogo, chota kutoka sehemu mbalimbali za lundo, kisha pima gramu 100 kamili bila uzito wa sahani. Weka kwenye maikrowevu pamoja na glasi ya maji pembeni ili nyasi zisiungue. Washa dakika mbili au tatu, toa, pima, geuza. Rudisha kwa nusu dakika, pima tena. Endelea hivyo mpaka uzito ugome kushuka. Zikianza kuwa nyeusi, umezidisha; anza upya na sampuli nyingine.

Angalia mizani: gramu 20. Kwa hiyo zile kilo 50 zina kilo 10 tu za uzito mkavu. Chakula cha nyongeza nacho nimekipima hivyo hivyo, nikapata asilimia 88, yaani kilo 5.28. Jumla kilo 15.28. Nyasi zikinyeshewa na mvua, pima upya, kwa sababu namba ya jana haifai tena.

Hatua ya tatu, kusanya masalio kesho yake kabla ya kuweka chakula kipya. Haya ni kilo 4. Ona yalivyo: mabua matupu, majani laini ameyachagua. Usitumie ile asilimia 20 hapa, kausha sampuli yake. Nimepata asilimia 25, yaani kilo 1. Toa kwenye 15.28, ng'ombe huyu amekula kilo 14.28.

Hatua ya nne, maziwa. Mkamuo wa asubuhi na wa jioni umetoa lita 20. Lita moja ya maziwa ina kilo 1.03 hivi, kwa hiyo ni kilo 20.6. Gawanya kwa 14.28, unapata 1.44. Kila kilo ya chakula kikavu imerudi kama kilo moja na karibu nusu ya maziwa. Ng'ombe wengi wanaolishwa vizuri huangukia kati ya 1.2 na 1.6. Rudia kwa siku tatu mfululizo uchukue wastani, kwani siku moja hudanganya.

Sasa tumuingie ndani. Unapomlisha ng'ombe, unawalisha kwanza viumbe wadogo wasiohesabika walio kwenye tumbo lake kubwa, rumeni. Wao huchachusha nyasi na kutoa asidi. Asidi asetiki hutengeneza mafuta ya maziwa. Asidi propioniki huenda kwenye ini ikageuzwa glukosi, na kiweleni glukosi hiyo hutengenezwa sukari ya maziwa, laktosi, ambayo huvuta maji. Ndiyo maana glukosi ikipungua, ndoo nayo hupungua. Sehemu ya chakula hupotea kama gesi ya methani anayoibeua. Na kabla ya tone lolote la maziwa, mwili huchukua haki yake: kupumua, kutembea, kujikinga na joto. Ng'ombe anayesimama juani au anayefuata maji mbali analipia hayo kwa chakula chako.

Namba ikiwa ndogo, usikimbilie kumwongezea nafaka. Tazama ng'ombe waliolala wakati wa mapumziko: angalau nusu wawe wanacheua. Wasipocheua, mate hayatoshi kupoza asidi ya rumeni. Kinyesi huwa majimaji chenye punje nzima, na mafuta kwenye maziwa hushuka. Dawa yake ni nyasi zenye nyuzi ndefu, na chakula cha nyongeza kigawanywe mara kadhaa kwa siku badala ya kumwagwa mara moja. Ukibadilisha chakula, badilisha polepole kwa wiki mbili ili vile viumbe vizoee. Maji safi yawepo muda wote.

Namba ikiwa kubwa sana, mathalani 1.8, kwa ng'ombe aliyezaa wiki tatu zilizopita, ninaomba usifurahi bado. Mshike hapa, kwenye nyonga na mbavu. Vidole vyangu vinazama, mifupa imechongoka. Huyu anakula kidogo na kujazia kwa mafuta ya mwili wake, na mafuta hayo hayamo kwenye hesabu yetu. Mafuta yakiyeyuka kwa wingi, ini huzidiwa na ng'ombe hupata ketosi: anakataa chakula, pumzi inanukia utamu wa ajabu, maziwa yanaanguka. Inaniuma kila ninapoona ng'ombe wa namna hii akisifiwa kwa ndoo iliyojaa. Ukiona dalili hizo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwenye daftari chora safu ya mwisho ya hali ya mwili, alama 1 hadi 5: 1 amekonda mno, 5 amenenepa kupita kiasi. Ijaze kila unapopima, ukisimama nyuma ya ng'ombe palepale, na mkono wako ukiwa mgongoni mwake.