Umehamia Dar, Sasa Piga Hodi

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu habari za saa hizi. Nimeambiwa wengi humu hamjamaliza hata mwaka hapa Dar, mmetoka Tabora, Kigoma, Mtwara huko, kwahiyo leo siongelei kutafuta kazi, hilo mnaambiwa kila siku, naongelea pale unapolala.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoa huu, na ukishuka Mbezi Luis na begi lako unaona kabisa kati ya hao wote hakuna anayekujua. Mi nilishukia Ubungo, 2011, stendi ilikuwa bado iko pale, natokea Songea. Nikapata chumba Manzese kupitia dalali, nikalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali juu yake, hela ikaisha pale pale. Nyumba zenyewe mnazijua, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uani choo na bafu na kila mtu na jiko lake la mkaa. Nikaingia nikafunga mlango. Na nilifunga kweli, mwezi mzima natoka alfajiri kugombania daladala narudi usiku, naona ndo ustaarabu huo, kutoingilia watu, kumbe kwa wenzangu mtu anayepita koridoni kimya kimya ni mtu wa kuogopwa, hawajui ana shida gani au ana dharau gani. Kwetu ukihamia watu ndo wanakuja kukuona, utaletewa hata kuni. Hapa mgeni ndo anapiga hodi, na hilo hakuna aliyeniambia.

Mita ya LUKU ilikuwa moja kwa vyumba sita. Pembeni yake kuna msumari, kwenye msumari kuna daftari dogo limejikunja kona zote, kalamu imefungwa kwa uzi, anayenunua umeme anaandika tarehe, uniti na chumba. Majina hakuna, mi nilikuwa chumba cha 4. Zamu yangu ikafika sijui hata kama kuna zamu, umeme ukakata usiku na chumba cha 6 kulikuwa na mtoto mchanga. Hakuna aliyenigombeza. Walinyamaza tu, na kile kimya nilikisikia vibaya kuliko matusi.

Wiki mbili mbele nikashikwa na malaria. Nyumba haina silingibodi, sauti inapita juu ya ukuta, mama wa chumba cha 3 akasikia naweweseka saa nane usiku, akasukuma mlango, akamwamsha kijana wake akaite bodaboda, tukapanda mshkaki, mi katikati yeye nyuma amenishikilia kiunoni nisianguke mpaka hospitali ya Palestina pale Sinza. Dawa alilipa yeye. Na mi hata jina lake sikuwahi kumuuliza! Hadi leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Kwahiyo nawaomba, wiki ya kwanza, gonga mlango wa kushoto na wa kulia, sema jina lako, umetokea wapi, uliza zamu ya umeme, ya usafi, taka zinachukuliwa siku gani. Nyie wa chumba masta ndani ya geti mna kazi kubwa zaidi kwa sababu hamna korido ya kuwakutanisha, anzeni na mlinzi. Sisemi umwamini kila mtu, wadada hasa nawaambia, na hela usikopeshe mtu hujamjua, lakini salamu haikopeshwi, toa tu.

Alafu nenda serikali ya mtaa. Wengi mnachanganya, mjumbe wa nyumba kumi ni mfumo ulioanza enzi za TANU miaka ya 1960, vyama vingi viliporudi 1992 ukabaki wa chama, yaani CCM, ila mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura na wakazi kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 2024. Huyo ndo atakuandikia barua ya utambulisho, ukitaka kitambulisho cha NIDA, ukifungua akaunti benki, ukienda kumdhamini ndugu yako polisi. Sasa atakuandikia vipi mtu hajawahi kukuona? Nenda ukiwa huna shida yoyote, na kitambulisho ulichonacho, uandikwe kwenye daftari la wakazi.

Na mboga nunua genge la hapo hapo mtaani. Mwenye genge anajua chumba kipi kiko wazi na dalali yupi anakula hela za watu.

Mwaka uliofuata yule mama alifiwa na mama yake mzazi. Nilibeba viti toka msikitini, nikachota maji madumu sijui mangapi, usiku tukalala nje kwenye turubai na wanaume wa mtaa mzima. Mzee aliyeshika daftari la michango alinitazama, nikajua ataandika chumba cha 4 kama kawaida. Akaandika jina langu, lote, na la baba yangu, bila kuniuliza.

Haya, nimeona mkono kule nyuma, uliza mdogo wangu.