Mwachie Mtoto Mkasi

Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi mliokuja na watoto. Hao walioko nyuma waacheni waendelee na karatasi zao, kelele zao hazinisumbui hata kidogo. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitakachosema, na nitakisema tena, maana kila sikukuu ikikaribia naona yale yale. Mzazi ameinama mezani anakata, anabandika, anarembesha. Mtoto yuko pembeni ameshikishwa kopo la gundi. Pambo likishatundikwa linapigwa picha, na wageni wanaambiwa, "Hili kalitengeneza mtoto." Mtoto anasikia maneno hayo, na anajua fika kwamba hakulitengeneza yeye.

Niwaeleze jambo nililoliona mwenyewe. Tulikuwa tumekaa na wazazi na watoto wao, tunafinyanga mapambo ya unga na chumvi. Palikuwa na mtoto wa kiume, umri wake miaka minne hivi. Alikuwa amesukuma donge lake mpaka likawa bapa, akalikata nyota kwa kisu cha plastiki, polepole, ulimi umetoka nje kwa bidii. Nyota ikatoka na pembe nne nyembamba na ya tano nene, imevimba. Akaitazama, akaichoma tundu kwa kalamu mahali pa kupitishia uzi, kisha akaigusa ile pembe nene kwa kidole gumba akasema, "Hii imeshiba."

Mama yake alikuwa anazungumza na mwenzake, hakusikia. Alipogeuka aliona nyota iliyopinda. Akaichukua, tena kwa mapenzi kabisa, akaifinya ikawa donge tena, akalisukuma, akalikata kwa kile kibati chenye umbo la nyota. Ikatoka nyota safi, pembe tano sawasawa. "Haya, sasa ichome tundu." Yule mtoto alikuwa amekwisha ingiza mikono chini ya meza. Nikamsogezea donge lingine. Alilitazama tu, kisha akaomba ashushwe kwenye kiti.

Najua wengine mnasema moyoni: huyo mama alikuwa anamsaidia. Sawa, lakini alimsaidia nini? Mtoto alikuwa amemaliza. Kazi ilikuwa na umbo, ina tundu, ina hata hadithi yake. Hapakuwa na shida ya kusaidia. Kilichokuwepo ni macho ya mtu mzima yaliyozoea nyota za dukani. Nyota ya dukani hainunuliwi kwa sababu ina habari ya mtu. Ile ya mtoto ilikuwa nayo, na ilipofinywa ile pembe iliyoshiba ikapotea nayo.

"Lakini wageni wakija?" Hili naulizwa kila mara. Mgeni anayekuja kwako siku ya furaha akaanza kukagua pembe za nyota za mtoto wa miaka minne, tatizo ni lake. Na kama unataka ukuta mmoja uwe wa kupendeza kwa macho yako, pamba huo wako mwenyewe, kwa mikono yako, utamke kwamba ni wako. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kumpora mtoto kazi halafu kumrudishia jina lake.

"Lakini mtoto wangu hawezi kushika mkasi." Ana umri gani? Mtoto wa miaka miwili na nusu, mitatu, anaweza kufungua na kufunga mkasi na kudondosha vipande vidogo kutoka ukingo wa karatasi. Basi mpe kazi ya kudondosha vipande: nyasi, mvua, manyoya ya ndege. Akifika minne wengi hufuata mstari ulionyooka. Duara na kona huja baadaye, mitano, sita. Ukimpa wa miaka mitatu akate moyo, atashindwa, na aliyeshindwa hapo ni wewe uliyepanga kazi. Na tazama anashika kwa mkono gani! Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia: mkono unapofunga, vidole vinazibana zile bapa mbili pamoja. Ukishikwa kwa mkono wa kushoto, nguvu ile ile inazitenganisha, karatasi inakunjika katikati badala ya kukatika, na bapa ya juu inauficha mstari. Watoto wengi wanaotumia mkono wa kushoto wameitwa wazito bure, na kosa lilikuwa la mkasi. Ipo mikasi ya mkono wa kushoto. Mtafutieni.

Haya, unga wenyewe, maana kuna wanaoandika. Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1. Unga uwe wa kawaida, usiwe ule uliokwisha tiwa hamira, utakuumukia. Maji tia kidogo kidogo, huenda usiyamalize. Kanda mpaka donge liache kunata mikononi, na kukanda ni kazi ya mtoto, tena ndiyo anayoipenda kuliko zote. Lisukume liwe na unene wa nusu sentimita. Likiwa nene zaidi, nje linakauka na ndani linabaki bichi, kisha linapasuka. Tundu litobolewe kabla ya kukauka, na lisiwe karibu mno na ukingo. Ukiwa na oveni, nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 2 au 3, ukiyageuza. Huna oveni, yaache mahali penye hewa siku kadhaa, uyageuze kila siku. Rangi hupakwa yakishakauka kabisa. Yahifadhiwe pakavu, kwa sababu chumvi hufyonza unyevu hewani na pambo huanza kulainika. Na hayaliwi. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, na chumvi hiyo ni nyingi mno. Mwenye mbwa ayatundike juu kabisa: mbwa akila donge la namna hii anaweza kuugua vibaya sana kwa wingi wa chumvi.

Kuna mtu ataniambia mambo haya ya karatasi na unga ni ya kupitisha muda tu, mtoto angekaa asome. Friedrich Fröbel, Mjerumani, alipofungua mahali pake pa watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, kukunja karatasi, kukata, kusuka vipande vya karatasi na kufinyanga vilikuwa ndani ya mafunzo yenyewe. Huyo ndiye mwanzilishi wa shule za chekechea tunazopeleka watoto wetu. Mkono unaokata duara ndio utakaoandika. Mtoto anayekunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaifungua na kuhesabu vyumba, amekutana na sehemu za namba kabla mwalimu hajazitaja. Kwa hiyo aliyeniambia akasome, ninamjibu kwamba anasoma.

Sasa la zawadi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hili linafanywa na wazazi wenye nia njema kabisa. "Ukimaliza pambo lako nitakupa kitu." Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe endapo watachora. Kundi jingine lilipewa cheti kile kile baada ya kuchora bila kuahidiwa. La tatu halikuahidiwa wala kupewa. Wiki moja mbili baadaye waliwatazama wakiwa huru kucheza wanachotaka. Wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Walikuwa wanapenda kuchora, ikageuka kazi ya kulipwa, na malipo yalipoondoka hamu ikaondoka nayo. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupata dhara hilo. Mshangilie mtoto, mkumbatie, tundika kazi yake mahali anapoiona. Usimwajiri.

Nirudi kwenye karatasi. Mnyororo wa karatasi ndio nauweka mbele ya mapambo yote ya sikukuu, na sababu ni moja: hauna namna ya kuharibika. Chukua karatasi ya A4, katiza kwa upana wake vipande vya sentimita 3, utapata 9. Kimoja kifanye pete, bandika. Cha pili kipitishe ndani ya pete, bandika. Basi. Pete moja ikiwa imepinda haionekani kati ya hamsini. Mkubwa anakata vipande, mdogo anabandika, na mtoto wa miaka mitatu anachagua rangi, na hiyo ni kazi halali. Kama sikukuu iko mbali na mtoto anakuuliza kila asubuhi bado siku ngapi, tengenezeni pete kwa idadi ya siku zilizobaki, kila jioni achane moja. Mtoto mdogo hajui siku kumi na mbili ni kitu gani mpaka azione zinaning'inia ukutani na kupungua.

Na mkiwa mnaendelea na vipande hivyo, kimoja kipindeni mara moja, nusu mzunguko, kabla ya kuunganisha ncha. Mwambie mtoto apige mstari katikati bila kuinua kalamu. Atarudi alipoanzia na mstari utakuwa pande zote mbili, kwa sababu pete hiyo ina upande mmoja tu. Kisha mwambie aikate kwa kufuata mstari huo, umuulize kwanza atapata pete ngapi. Atasema mbili. Atapata moja, ndefu maradufu! Wajerumani wawili, August Möbius na Johann Listing, waliigundua mwaka 1858, kila mmoja kivyake. Nimeona watu wazima wakiikata tena na tena kwa kutoamini macho yao.

Vipande vya theluji vya karatasi. Hapa nina neno na wale wanaokunja mraba nusu, nusu, nusu tena, wakapata chembe ya theluji yenye pembe nane. Theluji haina pembe nane. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita, na chembe inakua kutoka hapo. Johannes Kepler aliliulizia jambo hilo kwa maandishi tangu 1611. Basi chora duara kwa sahani, likunje nusu, halafu ile nusu ikunje sehemu tatu sawa, kisha ikunje nusu tena, ndipo mtoto akate kingo anavyotaka. Mpate sita. Ni rahisi vile vile, na mtoto anakuwa na jibu la kweli akiulizwa.

Majani yanapopukutika, okoteni yaliyokauka juu lakini bado ni laini, yapangeni katikati ya karatasi zisizong'aa, vitabu vizito juu, wiki moja au mbili. Rangi ya njano mnayoiona katika majani mengi ya miti inayopukutika ilikuwemo siku zote. Ilifunikwa na ule ukijani, na ukijani ukivunjika njano inajitokeza. Mwelezeni mtoto hivyo wakati anabandika. Jani lenye mishipa iliyotokeza pia hupakwa rangi upande wa chini na kugandamizwa kwenye karatasi, ukapata kadi. Ya kadi nilikuwa nayo mengi, nayaacha.

Ule unga unaong'aa wa kunyunyiza, glita: uacheni. Kwa kawaida ni plastiki iliyosagwa, haitoki kwenye zulia wala kwenye maji. Karatasi za bati zinazong'aa, zikikatwakatwa na mtoto mwenyewe, zinatosha.

La mwisho, nalisema haraka lakini msilichukulie haraka. Mtoto wa chini ya miaka mitatu akiwa mezani, kitu chochote kinachopita ndani ya ule mrija wa karatasi ya chooni kisiwepo: shanga, mbegu, vifungo. Kandili ya karatasi isitiwe mshumaa, itiwe taa ya betri. Na taa hizo ndogo nyingi zina zile betri bapa za mviringo, na betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Kifuniko cha betri kwenye taa kiwe cha skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, msiinunue. Na mkishuku kwamba mtoto amemeza, nendeni hospitali wakati huo huo, msisubiri dalili.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumza juu ya watoto wa miaka kumi na kuendelea, ambao wanadai wamekua na hawataki tena, na ukweli ni kwamba wanataka kazi ngumu zaidi: ile nyota ya vipande vinne inayoitwa kwa jina la Fröbel inawafaa, itawashika jioni nzima. Nitamwonyesha atakayebaki. Nimeona mikono miwili kule kushoto, tuanze na huyo dada mwenye mtoto mapajani.